Kutoa mwinuko wa Kilimanjaro kwenye X-Plane uwe gridi ya QGIS

Kama unatengeneza sinari (mandhari) ya X-Plane, programu ya kuigiza urushaji ndege, na unataka kuiona ardhi ileile kwenye QGIS, programu ya ramani, ikiwa gridi ya mwinuko, inawezekana kabisa na vifaa vyote ni vya bure, pagumu ni mahali pamoja tu.

X-Plane imekata dunia vipande vya digrii 1 kwa 1, kila kipande kina faili lake la DSF (faili la sinari) lenye jina la kona ya kusini magharibi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko latitudo -3.076 na longitudo 37.35 kwahiyo tafuta -04+037.dsf ndani ya folda -10+030. Lile la asili usiliguse, kopi ulipe jina kili.dsf, maana jina linaloanza na alama ya kutoa linaweza kuichanganya komandi. Shusha DSFTool ya Laminar Research, inayogeuza DSF kuwa maandishi, alafu kwenye teminali andika:

DSFTool --dsf2text kili.dsf kili.txt

Ikigoma, faili limebanwa, lifungue kwanza na 7-Zip. Utapata maandishi pamoja na mafaili ya raw (namba tupu za gridi), unalotaka lina neno elevation. Ndani ya kili.txt tafuta RASTER_DATA uone vipimo, ikiwa ni 1201 kwa 1201 na bpp=2 (baiti mbili kwa kila pointi) basi raw lazima iwe baiti 2,884,802, ikipungua usiendelee.

Sasa pale pagumu: raw inaanza safu za kusini kwenda kaskazini, HGT (faili la mwinuko tunalotengeneza, QGIS inalisoma) inaanza kaskazini, na mpangilio wa baiti nao ni kinyume. Python inamaliza yote:

import numpy as np
a = np.fromfile('kili.txt.elevation.raw', '<i2').reshape(1201,1201)
np.flipud(a).astype('>i2').tofile('S04E037.hgt')

Jina hilo usibadilishe, GDAL, maktaba ambayo QGIS inaitumia kusoma mafaili ya ramani, inasoma eneo kutoka humo.

Fungua QGIS uhakiki, hapa msiruke jamani. Kibo inatakiwa iwe karibu na ukingo wa kaskazini, kama safu ya 91 kutoka juu, na namba ikaribie mita 5,895, ikipungua kidogo sawa tu kwasababu gridi ya mita 90 hivi inalainisha vilele. Mlima ukikaa kusini hujageuza safu, namba zikiwa za ajabu ajabu ni baiti.

DSF za zamani hazina RASTER_DATA, hapo chukua mistari ya PATCH_VERTEX (longitudo, latitudo, mwinuko) weka CSV upitishe gdal_grid, komandi ya GDAL inayogeuza pointi kuwa gridi. Ukiona -32768 kwenye PATCH_VERTEX ujue sio shimo, ni X-Plane inaambiwa ichukue mwinuko kwenye rasta (ile gridi ya RASTER_DATA), kwahiyo kama kipande chako kina pointi hizo rasta ipo, rudi njia ya kwanza.