Mtoto kavimba miguu: hatua za kufuata, kuanzia nyumbani hadi wodini na kurudi

Ndugu zangu wa Newala, Tandahimba na Masasi, na wenzetu wa Lindi, somo la leo ni utapiamlo mkali. Naanzia miguuni kwa sababu huko ndiko wengi wanakodanganyika. Mtoto mwenye unyafuzi, yaani utapiamlo mkali wa kuvimba mwili, huonekana kanenepa: mashavu yamejaa, miguu imetuna, na majirani wanampongeza mama. Kumbe ni maji, na ndani yake nyama imekwisha.

Hatua ya 1: bonyeza miguu. Mkalishe mtoto, weka dole gumba juu ya kila mguu, upande usiokanyaga, kisha bonyeza huku ukihesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Hizo ni sekunde 3. Ukiondoa vidole na vishimo vikabaki kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama mkono wake mnene. Mguu mmoja tu ukivimba, sababu huenda ni jeraha au jipu, naye apelekwe.

Hatua ya 2: mkanda wa mkono. Mhudumu wa afya wa kijiji anao. Ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, bila nguo, uning'inie umelegea. Pima katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Aliye chini ya miezi 6 apelekwe kliniki apimwe uzito na aangaliwe anavyonyonya.

Hatua ya 3: amua pa kwenda. Mtoto mwenye nyekundu lakini mchangamfu na anayekula, anza na zahanati. Akivimba, akikataa kula, akitapika kila kitu, akiwa na homa, mwili wa baridi, degedege au kulegea, ni hospitali siku hiyo hiyo: Ligula, Ndanda, Nyangao, Sokoine, yoyote iliyo karibu. Njiani mfunike vizuri, kichwa pia, na uendelee kumnyonyesha. Kama yu macho na anameza, mpe maji ya sukari kidogo kidogo: kijiko cha chai cha sukari kilichojaa kwenye vijiko vya mezani vitatu na nusu vya maji. Sukari ya damu ikishuka huua upesi, na barabara zetu ni ndefu.

Hatua ya 4: siku za kwanza wodini. Hapa naomba mnisikilize sana, maana hapa ndipo akina mama wanapotoroka na watoto. Mtoto hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Bibi anaona kikombe kile anasema mtoto ananyimwa. Hanyimwi. Moyo, ini na figo vimedhoofika. Ukimshindilia chakula kwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Kwa sababu hiyo hiyo usidai dripu. Moyo huo hauwezi kubeba maji mengi, na daktari huiweka kwa sababu maalumu tu. Wala usimpe dawa ya kuongeza damu uliyonunua dukani: madini ya chuma katika siku hizo huzidisha madhara ya maambukizi.

Kisha uvimbe unaanza kushuka, na uzito nao unashuka. Mtoto aliyeingia "mnene" sasa mbavu zinahesabika, na mama anaamini hospitali inammalizia mwanawe. Hiyo ni dalili njema! Maji yanatoka. Hamu ya kula ikirudi, anahamishiwa taratibu kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa, yaani chakula laini cha pakiti cha kutibu utapiamlo, na hapo ndipo uzito wa kweli unaanza kupanda.

Hatua ya 5: nyumbani. Pakiti ya chakula dawa ina gramu 92 na kalori 500. Nyonyesha kwanza, kisha mpe chakula dawa pamoja na maji safi ya kunywa. Usikichanganye na uji. Hudhuria kliniki kila tarehe uliyopewa.

Uji wa familia nao ubadilike. Unga mtupu wa muhogo hujaza tumbo dogo bila kujenga mwili. Tia karanga au ufuta uliosagwa, dagaa waliotwangwa, mbaazi. Kisamvu na matembele pembeni. Na korosho! Tunauza gunia zima na mtoto haonji hata zile zilizovunjika. Zisage, zitie kwenye uji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nanyamba: Shikamoo mwalimu. Mama mkwe anasema mwanangu kabemendwa, yaani kadhoofika kwa kuwa sisi wazazi tulikutana kimwili wakati bado ananyonya, nisimpeleke hospitali mpaka adawiwe nyumbani.

Marahaba mwanangu. Mwambie mama mkwe, kwa adabu, kuwa uvimbe huu unatokana na lishe na maradhi, wala si aibu yako na mumeo. Mwombe muende naye, awe shahidi. Dawa ya mizizi isitangulie. Ini la mtoto huyo halina nguvu ya kuihimili.

Dada wa Ruangwa: Nina mapacha, mmoja tu kapewa chakula dawa. Nigawe?

Usigawe, dada. Kile ni dozi yake. Mlete na mwenzake apimwe, maana wanakula chungu kimoja.

Kaka wa Masasi: Baba yangu anatumia dawa za TB, ana kilo 44, urefu mita 1.65.

Gawanya 44 kwa 1.65, kisha jibu lake uligawanye tena kwa 1.65, utapata kama 16. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kwa hiyo baba yuko chini sana. Waambie kliniki ya TB waangalie lishe yake. Milo midogo mara tano au sita kwa siku, yenye samaki, kunde na mafuta. Kama amekaa siku nyingi bila kula, kumwongezea chakula kuanzie kwa mtaalamu.

Bibi wa Newala: Muhogo wetu mchungu, tuuache?

Hapana, bibi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ulipata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu moja kwa moja, kwa unga wenye sumu na ukosefu wa protini. Ili kupunguza sumu hiyo, weka unga kwenye beseni, tia alama usawa wake. Ongeza maji ukikoroga mpaka urudi kwenye alama. Tandaza mkekani, unene usizidi sentimita 1: saa 2 juani au 5 kivulini. Songa ugali siku hiyo hiyo, na mboga iwe na dagaa au kunde.