Kupakia na kushusha ekskaveta kwenye lobedi

Naendesha ekskaveta ya tani 20, na mitaro mingi niliyozibua iko kwenye mashamba ya mpunga huko Ahero, Kenya. Kuchimba hakunitishi. Kinachonikausha mate ni zile dakika tano za kupanda lobedi, ile trela ya kitanda cha chini inayobeba mashine.

1. Tafuta ardhi ngumu. Udongo mweusi wa nyanda hizi za Kano ukinyeshewa hunyonya matairi, lobedi ikainama upande mmoja. Afadhali nitembeze mashine nusu saa hadi kwenye maramu iliyoshindiliwa. Kichwa cha lori na trela vinyooke, breki zifungwe, kabari ziwekwe.

2. Pima mwinuko. Usipite nyuzi 15. Kitanda kikiwa na kimo cha sentimita 90, rampu iwe na urefu wa mita 3.5 au zaidi.

3. Kwangua tope. Mwaka wangu wa kwanza, mvua ya jioni imeanza, dereva wa lobedi anapiga honi, nilipanda na treki, yaani minyororo ya chuma ambayo mashine hutembelea, zimejaa tope. Chuma juu ya chuma, katikati matope: mashine iliserereka kando, treki ya kushoto ikabaki nusu hewani. Tulitoka pale usiku wa manane. Siku hizi utingo anakwangua kwa sepetu, tunatandika mbao ngumu kwenye rampu, na mwenye honi apige hadi achoke.

4. Panda. Funga mkanda. Swichi ya mwendo iwe kwenye picha ya kobe (polepole), si sungura (haraka). Mkono uwe mbele, lile gurudumu la meno linalozungusha treki liwe nyuma, baketi iwe chini kiasi cha sentimita 30. Nyoosha treki ukiwa bado chini, kwa sababu ukishaingia kwenye rampu hakuna kukata kona. Ukiona umekosea, rudi ujipange upya. Anayekuelekeza awe mmoja tu, na asipoonekana, simama.

Pale juu ndipo penye kazi. Uzito unahama, pua ya mashine inataka kuangukia kitandani. Simama kabla haijainama, shusha baketi iguse kitanda, mkono ubebe uzito, kisha sogea kidogo kidogo hadi treki zilale. Ukiharakisha, tani 20 zitatua kwa kishindo na trela nzima itaruka.

5. Funga. Baketi chini, liva ya usalama imefungwa, injini imezimwa. Cheni nne kwenye pembe nne, na moja ya kushika mkono. Kama unaelekea Kericho, simama Awasi ukaze tena. Cheni hulegea mashine ikishajikalia. Kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, cha mzigo uliozidi vipimo kitafutwe kabla ya safari, si barabarani.

6. Shusha. Kagua kama mzigo ulihama kabla ya kugusa cheni. Unapofungua kikaza cha cheni, simama kando: mpini wake huruka, na nimeona ukimvunja mtu kidole. Teremka kinyumenyume, baketi ikiegemea kitanda pale ukingoni kama ulivyofanya ukipanda. Nyuma na kando ya rampu pasiwe na mtu, hata yule kijana anayetaka kupiga picha. Utingo asiguse kabari hadi treki zote mbili ziwe ardhini.