Umeacha kazi hujafika sitini? Usiisahau SHA

Niliacha uhasibu wa hoteli nikiwa na miaka 53, na akiba ya kunivusha hadi sitini. Hesabu zote nilizipiga isipokuwa moja: ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma na mchango umekoma, wala hakuna wa kukupigia simu.

Kwanza piga *147# au ingia Afya Yangu kwenye intaneti. Hakikisha mke au mume na watoto wamo kwenye orodha yako. Kadi ya NHIF, ile bima ya zamani, iweke kumbukumbu, haina kazi tangu Oktoba 2024.

Pili ni tathmini ya uwezo, na hapa ndipo wazee wa Lamu tunapokwama. Asiye na mwajiri hupangiwa mchango kwa jinsi kaya yake inavyoishi: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mko wangapi. Mimi sikuulizwa salio la benki, niliulizwa ukuta! Sasa nyumba yangu ni ya mawe, ya urithi, mtaa wa Mkomani, boriti juu. Anayesoma majibu ataona tajiri, hataona kwamba tumeirithi pamoja ndugu watano. Sema kweli, ila kaya ni wale mnaokula chungu kimoja, si ukoo mzima. Kiwango kikikushinda, omba kiangaliwe upya.

Tatu, lipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. M-Pesa, nambari ya malipo 200222, akaunti ni nambari ya kitambulisho chako. Kisha rudi *147# uone kama imeingia. Kuna Lipa SHA Pole Pole kwa asiyeweza mara moja, lakini huo ni mkopo. Mwenye akiba akope ya nini?

MASWALI

Nina miaka 51 na nataka kuchukua NSSF, akiba yangu ya uzeeni, mapema. Nitakosa SHA?
La, ndugu yangu. NSSF inaruhusu kustaafu mapema kuanzia 50 ukiwa umeacha kazi. SHA haifungwi na umri wa kustaafu. Tenga mchango wa miaka yote iliyobaki siku hiyohiyo pesa zinapoingia, kabla hazijaona harusi.

Maalim, nimejisajili lakini sijalipa. Nikiumwa je?
Zahanati na kituo cha afya watakutibu bila malipo kwa usajili huo tu. Kulazwa hospitali ya King Fahd, hapa Lamu, ni habari nyingine, huko wataangalia kama umelipa.

Binti yangu ana 23, yuko chuo Mombasa.
Yumo chini yako hadi 25 maadamu anasoma kutwa. Akishapata kazi atakatwa kwake.

Naweza kungoja hadi niumwe ndipo nilipe?
Utatafutiwa pesa za mwaka mzima usiku, na boti ya kuvukia bara, Mokowe, inakungoja. Lipa sasa, bibi.