Namna ya Kuonyesha Darasani Kinachoufanya Mfupa Usivunjike Kirahisi

Mwalimu wa sekondari aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, asiye na hadubini ya elektroni, bado anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake kazi ya sehemu ndogo mno zinazounda mfupa akitumia siki, jiko la mkaa na mifupa mitatu ya paja la kuku. Chagua mifupa mibichi, kwa sababu kuchemsha kwa muda mrefu huharibu kolajeni, ile protini ambayo jaribio zima linaitegemea.

Kwangua nyama yote. Mfupa wa kwanza uuache ulivyo, ukiufunika kwa kitambaa kibichi usikauke. Wa pili utumbukize kwenye chupa ya siki nyeupe. Vipovu vidogo vitakavyoushika ni hewa ya kaboni inayotoka madini yanapoyeyuka. Badilisha siki kila baada ya siku mbili, na kama ni Juni au Julai usiharakishe, kwani baridi ya nyanda hizi hupunguza kasi ya mmenyuko na mfupa unaweza kuhitaji zaidi ya wiki. Wa tatu uchome nje ya darasa juu ya makaa yaliyokolea hadi weusi uishe na ubaki mweupe, kisha uache upoe.

Wape wanafunzi waipinde. Wa siki utapindika bila kukatika, ilhali uliochomwa, ingawa umebaki na umbo lake, utasagika vidoleni, kwa kuwa moto umeteketeza kolajeni yake.

Hapa ndipo pa kutulia na kueleza. Molekuli za kolajeni, zenye urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa 1.5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hujipanga kwa kupishana kila nanomita 67, na ndani na kandokando yake hukaa vibamba vya madini vyenye unene wa nanomita chache tu. Mfupa unapoelemewa, kolajeni hunyooka, vibamba huteleza kidogo, na viunganishi dhaifu vilivyo kati yake hukatika na kujiunga tena, vikimaliza nguvu ambayo ingepanua ufa. Kwa hiyo, kuwafundisha watoto kwamba kalsiamu peke yake ndiyo uimara wa mfupa ni kuwapotosha: madini huupa ugumu, lakini bila kolajeni ugumu huo ni wa chaki.

Muda ukiruhusu, anika mfupa wa nne juani hadi ukauke kabisa. Utakatika ghafla kuliko ule mbichi, kwa kuwa maji nayo husaidia kuteleza huko.