Jinsi ya Kumchagulia Mtoto Mfuko wa Kulalia Wenye Joto na Usio Mzito

Mwezi uliopita jirani yangu alibisha hodi akiwa na karatasi iliyotoka shuleni kwa binti yake wa miaka tisa, ambaye ni Skauti wa daraja la Sungura. Miongoni mwa vitu vilivyotakiwa kwa kambi ya siku mbili palikuwa na sahani, kikombe, tochi na "mfuko wa kulalia wenye joto", bila neno jingine la kufafanua joto hilo ni la kiasi gani. Tulitumia Jumamosi mbili kuutafuta, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kumnunulia mwanangu mfuko usiofaa nikalipia kosa hilo kwa usiku wa kukesha, nimeona niandike tulivyofanya. Ukifika sokoni ulizia slipingi bagi; ukisema mfuko wa kulalia, huenda ukaonyeshwa foronya.

Hatua ya kwanza: jua atalala wapi na mwezi gani

Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe, hasa Julai, joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 12 au 10. Kwa makadirio ya kawaida, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Kwa hiyo mtoto atakayelala Old Moses, kambi ya Mlima Kenya iliyo kwenye mwinuko wa mita 3,300, atakuta baridi inayoizidi ya Nairobi kwa nyuzi kumi, yaani karibu na kuganda kwa maji, ilhali mwenzake atakayelala kwenye kambi ya Skauti ya Rowallan, hapa hapa jijini, atakuta hali ileile aliyoiacha nyumbani.

Mwinuko peke yake hautoshi. Usiku usio na mawingu huwa na baridi kuliko wenye mawingu, kwa sababu joto la ardhi hupotelea angani bila kizuizi, na ndiyo maana wakulima wa viazi wa Nyandarua huihofia sakitu ya Januari, mwezi ambao mchana wake una jua kali. Mzazi wa Skauti anayekwenda Nyeri mwezi wa Februari, kwenye maadhimisho ya kuzaliwa kwake Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti aliyezikwa huko mwaka 1941, asihadaike na jua hilo. Andika nambari moja tu kwenye karatasi: joto la chini kabisa unalolitarajia alfajiri.

Hatua ya pili: mpime mtoto

Mpime urefu bila viatu, kisha ongeza sentimita 15 hadi 20. Mfuko wa mtu mzima, ambao mara nyingi hupita mita mbili, humwachia mtoto nafasi kubwa tupu miguuni, na nafasi hiyo mwili wake mdogo hulazimika kuipasha joto usiku kucha. Ikiwa tayari unao mfuko wa aina hiyo nyumbani, kunja sehemu iliyozidi uiweke chini, au uifunge kwa kamba kwa nje, chini ya nyayo zake.

Hatua ya tatu: soma lebo ya joto

Hapa ndipo nilipopotea. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mfuko uliokuwa na maandishi makubwa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, tukaenda Naivasha nikiamini kwamba mwanangu, aliyekuwa na miaka minane, angetoka jasho. Saa tisa usiku aliniamsha meno yakigongana. Nilimvika sweta langu, nikamfunika shuka la Kimaasai na kumkumbatia hadi kukapambazuka, na muda wote huo nikawa nailaumu hali ya hewa. Tuliporudi nyumbani ndipo nilipoisoma ile lebo ndogo iliyoshonwa kwa ndani, nikagundua kwamba nambari ya nje haikuwa imeahidi usingizi hata kidogo.

Mfuko uliopimwa ipasavyo, kwa kipimo cha Ulaya cha EN 13537 au cha ISO 23537 kilichokuja kushika nafasi yake, huwa na nambari tatu. Ya kwanza ni ya starehe, yaani joto ambalo mwanamke wa kawaida anaweza kulala nalo akiwa amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya pili ni ya mpaka, nayo humhusu mwanamume wa kawaida aliyejikunyata, ambaye ataweza kulala kwa muda wa saa nane bila kuamshwa na baridi. Ya tatu ni ya hatari: inaonyesha baridi ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kuistahimili kwa muda wa saa sita bila kufa, ingawa anaweza kudhurika. Baadhi ya watengenezaji huichapa hiyo ya tatu kwa ukubwa kuliko zote kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Mfuko wangu ulikuwa na hatari ya nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini starehe yake ilikuwa nyuzi 7 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 17 iliyofichwa kwenye kitambaa kidogo kuliko kidole gumba.

Hata ukiipata nambari ya starehe, usiichukue kama ilivyo. Ilitokana na miili ya watu wazima, na mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa kuwa ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake. Zaidi ya hayo, sanamu yenye vihisio vya joto inayotumiwa katika upimaji huvishwa nguo ndefu za ndani na soksi, tena hulazwa juu ya mkeka; mtoto aliyelala na fulana na kaptura kwenye sakafu ya hema hayumo katika hesabu hiyo. Mfuko wa mtumba nao huwa umeshapoteza sehemu ya joto lake la awali, kwa kuwa ujazo, yaani kile kilichojazwa ndani ya kitambaa chake, hulala kadiri unavyobanwa na kufuliwa. Na ukikuta mfuko wenye nambari moja pekee isiyo na maelezo, ichukulie kuwa ni ya hatari hadi uthibitishe vinginevyo. Yale maneno ya "misimu mitatu" yanayoandikwa kwenye mifuko mingi yapuuze kabisa: ni misimu ya Ulaya, na haimwambii chochote mtu anayepeleka mtoto Limuru.

Kanuni ninayoifuata sasa ni kwamba nambari ya starehe iwe chini ya lile joto la alfajiri nililoliandika kwa nyuzi tano. Kwa Naivasha yenye nyuzi 8 nitatafuta starehe ya nyuzi 3. Siendi mbali zaidi ya hapo, kwa sababu mtoto akizidiwa na joto hutoka jasho, nguo zikaloa, na kufikia alfajiri unyevu huo huwa umegeuka baridi. Kwa kambi zilizo juu ya mita 4,000, ambako maji huganda usiku, singemwamini mtoto kwa mfuko wa kubahatisha. Huko ni afadhali kukodi kwa waongoza watalii wa mlimani wanaoijua mifuko yao.

Hatua ya nne: chagua ujazo

Ujazo ni wa aina mbili: manyoya laini ya bata na nyuzi za poliesta. Manyoya ni mepesi zaidi, hubanwa yakawa kitu kidogo sana, na hudumu miaka mingi, lakini yakilowa hushikana na joto likatoweka. Poliesta ni nzito kidogo, ila hubakiza sehemu ya joto lake hata ikiwa na unyevu, na hukauka upesi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili nasimama na poliesta bila kusitasita. Mtoto humwaga uji, huingia na soksi zilizolowa, na wapo wanaojikojolea wakiwa ugenini hata kama nyumbani waliacha zamani. Mfuko wa manyoya kuufua na kuukausha ni kazi ya siku kadhaa. Wa poliesta utauosha Jumamosi asubuhi na ukipata jua la kutosha utakuwa mkavu Jumapili jioni.

Kuhusu uzito, mimi hutaka mzigo wote wa mtoto usipite sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 30 atabeba kilo tatu, na kwa hiyo mfuko wa kilo moja na robo unamwachia nafasi ya maji na nguo. Kama basi la shule litawashusha kambini, usilipie wepesi.

Hatua ya tano: ukague kabla ya kulipa

Katika masoko ya Toi na Gikomba, hapa Nairobi, kuna mifuko mizuri ya mtumba kwa mwenye subira. Beba futi ya fundi na mizani ndogo ya kuning'iniza. Tulipofika, muuzaji mmoja alimkunjulia jirani yangu mfuko mnene akamwambia, "Mama, hii ni ya mlima." Nikamwomba, "Kaka, tuinulie juani kidogo," naye akakubali. Mwanga ulipenya katika mistari mirefu ambapo ujazo ulikuwa umekimbilia pembeni, kwa hiyo tuliushukuru wema wake tukaendelea na safari.

Kagua pia zipu. Nyuma yake lazima pawe na ukanda uliojazwa, kwani bila huo upepo hupita katika meno yake kama dirisha lililovunjika. Mwache mtoto aifungue na kuifunga akiwa amefumba macho, maana atahitaji kufanya hivyo gizani akienda msalani. Kofia ya mfuko iwe na kamba anayoweza kuilegeza mwenyewe, na isiwe ya kumzunguka shingoni.

Hatua ya sita: mkeka

Ujazo uliolaliwa hubanwa na uzito wa mwili, na ukibanwa haupashi joto. Baridi ya usiku hutoka chini zaidi kuliko watu wanavyodhani. Nunua mkeka wa povu gumu lisilonyonya maji, wa unene wa sentimita moja au zaidi. Godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani ni baridi, kwa sababu hewa huzunguka humo na kulipeleka joto ardhini. Ukikwama, maboksi yaliyokunjuliwa kutoka dukani yakitandikwa chini ya mkeka husaidia kuliko blanketi la pili juu.

Hatua ya saba: usiku wa majaribio nyumbani

Wiki moja kabla ya safari, mlaze mtoto kwenye veranda au sebuleni dirisha likiwa wazi, juu ya mkeka wake, akiwa na suruali ndefu na soksi kavu. Uchague usiku wenye baridi. Ukunjue mfuko nusu saa mapema, uutikise ili ujazo uinuke, na umpe mtoto chakula na umpeleke msalani kabla hajaingia. Mwamshe saa kumi alfajiri umguse shingo na nyayo: shingo yenye jasho inamaanisha umemzidishia nguo, na nyayo baridi zinamaanisha uweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa na kuvikwa soksi. Binti wa jirani yangu alikuwa na nyayo baridi. Fundi wa mtaani alimshonea kifuko cha ndani kutokana na blanketi kuukuu la fulisi, tukarudia jaribio Ijumaa iliyofuata, na saa kumi tulipomgusa alitukemea kwa kumwamsha.

Akirudi kambini, uanike mfuko hadi ukauke kabisa, kisha uutundike kabatini ndani ya foronya kubwa ya pamba. Usiurudishe katika kile kifuko chake kidogo cha kubania hadi siku ya safari nyingine.