Tangi Lipimwe kwa Samaki Mzima: Ushauri kwa Wafugaji wa Samaki Wakubwa Walao Nyama

Samaki wa mapambo walao nyama karibu wote huuzwa wakiwa wachanga. Oska, ambaye ni wa jamii moja na sato na perege lakini asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini, mara nyingi huuzwa akiwa na urefu wa sentimita 5 hivi, na mnunuzi humchukua pamoja na tangi la lita 60 kwa kuwa viwili hivyo vinaonekana kulingana. Akilishwa vizuri, samaki huyo huongezeka takribani sentimita 2 au zaidi kila mwezi katika miezi yake ya mwanzo, na akikomaa hufikia sentimita 30 hadi 35. Hapo urefu wa tangi unakuwa mara mbili tu ya mwili wake, na upana wake haumtoshi hata kugeuka. Ushauri huu unamlenga zaidi mfugaji ambaye bado hajanunua, kwa sababu kosa la ukubwa wa tangi hufanyika siku ya ununuzi, na kulirekebisha baadaye ni kazi ya gharama kubwa.

Wapo wanaokadiria tangi kwa kuhesabu lita kadhaa kwa kila sentimita ya samaki. Hesabu hiyo huwafaa samaki wadogo kama gapi, lakini kwa samaki mkubwa inapotosha, kwa maana samaki anaporefuka huongezeka pia unene na kimo. Aliyetoka sentimita 5 hadi sentimita 30 amerefuka mara 6, ilhali uzito wake umeongezeka kwa zaidi ya mara 200, na chakula anachokula pamoja na uchafu anaoutoa vimepanda kupita kiasi cha urefu wake. Chakula chake kina protini nyingi, na mabaki ya protini hutoka mwilini kupitia matamvua yakiwa amonia, ambayo huunguza matamvua hayo hayo. Bakteria wanaoishi ndani ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo huondolewa hasa kwa kubadilisha maji. Katika maji machache sumu hupanda haraka kuliko bakteria wanavyoweza kuimaliza, na mlo mmoja uliosalia chini ya jiwe unatosha kuharibu tangi zima kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo tunashauri mfugaji aanze na vipimo vya sakafu ya tangi, kisha lita zifuate. Urefu wa tangi uwe angalau mara nne ya urefu wa samaki aliyekomaa, na upana wake, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, uwe angalau mara moja na nusu. Kimo kinaweza kuwa cha wastani, kwa sababu samaki hawa huogelea kwenda mbele zaidi kuliko kupanda na kushuka. Upana ndio unaosahaulika kuliko vipimo vyote. Matangi mengi yaliyo tayari hutengenezwa marefu na membamba ili yapendeze ukutani, na samaki mkubwa ndani yake hulazimika kujikunja kila anapofika mwisho, mkia ukisugua kioo cha nyuma na midomo ikigonga cha mbele, hadi mapezi yanachanika na magamba ya ubavuni yanang'oka.

Ipo njia rahisi ya kujiridhisha kabla ya kutoa fedha. Chukua chaki, chora vipimo vya tangi unalokusudia kwenye sakafu ya mahali litakapokaa, kisha kata boksi gumu kwa urefu na umbo la samaki aliyekomaa. Liweke ndani ya mchoro na uligeuze polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Likivuka mstari wa chaki wakati wa kugeuka, tangi hilo ni dogo, hata kama muuzaji atakuhakikishia vinginevyo. Lita utazipata kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000. Na ukumbuke kupunguza nafasi ya juu isiyojazwa maji pamoja na nafasi inayochukuliwa na mchanga na mawe.

Kauli kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake imeenea sana na inawadhuru samaki wengi. Ni kweli kwamba samaki aliyebanwa anaweza kudumaa, lakini kudumaa huko hutokana na maji machafu na msongo, na huenda pamoja na uti wa mgongo kupinda, macho kuonekana makubwa kuliko mwili na maisha kuwa mafupi. Oska anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 na zaidi. Anayekufa katika mwaka wa pili kwenye tangi dogo hakufikia mwisho wake wa kawaida.

Kwa oska mmoja, tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 50, ambalo ni lita 360, ndicho kiwango cha chini tunachokubali, ingawa urefu wa sentimita 140 ungekuwa bora. Wawili wanahitaji sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648, na hata hapo wawe wamekuzwa pamoja tangu utotoni. Arowana wa fedha wa Amazon ni habari nyingine. Anapita sentimita 75 hata kifungoni, na kwa kuwa mwili wake hupindika kwa urahisi, upana unaolingana na urefu wake unaweza kutosha. Lakini hilo bado linamaanisha tangi la sentimita 300 kwa 90 kwa 60, lenye lita 1,620. Kwao, msitu unapofurika, huruka juu ya maji kunyakua wadudu matawini, kwa hiyo mfuniko wa tangi lake sharti uwe mzito au ufungwe kwa komeo. Anayevutiwa na arowana wa Asia ajue pia kwamba samaki huyo yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kwamba asiye na nyaraka za shamba lililosajiliwa hapaswi kununuliwa.

Kambale mkia mwekundu wa Amerika ya Kusini tunashauri asinunuliwe kabisa kwa ajili ya nyumbani. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, naye huvuka mita moja. Kambale wetu wa kawaida na kamongo wa Ziwa Victoria nao hukua kupita mita moja, na kwa kuwa wote wawili wanaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, watu hudhani wanaweza kukaa popote. Uwezo huo huwasaidia kustahimili maji yenye oksijeni kidogo. Hauwapunguzii haja ya nafasi. Anayemfuga kamongo aache nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko, kwa sababu akizuiwa kupanda kupumua hufa maji, na amweke peke yake kwa kuwa hung'ata.

Kuhusu kuchanganya samaki, kanuni ni fupi: chochote kinachoingia mdomoni kitaliwa, pengine usiku wa kwanza.

Kabla ya kuagiza tangi, pima pia uwezo wa jengo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo tangi lile la lita 648 likijazwa lina maji ya zaidi ya kilo 600, na vioo vya milimita 12 huongeza kilo 120 hivi, mbali na mawe na meza. Mzigo huo uwekwe chini kwenye sakafu ya zege, na kwa nyumba ya ghorofa mhandisi aulizwe kwanza. Msukumo wa maji kwenye kioo hutegemea kina, kwa hiyo tangi lenye kimo kikubwa ndilo linalodai kioo kinene zaidi. Fundi anayependekeza kioo cha milimita 6 kwa kimo cha sentimita 60 asipewe kazi. Tangi jipya lijazwe maji nje kwa siku kadhaa, uchunguze kila kona ya silikoni, ndipo liingizwe ndani.

Kichujio kiwe na uwezo wa kupitisha maji yote ya tangi mara tano au zaidi kwa saa, na kiendeshwe wiki nne hadi sita kabla ya kuingiza samaki, kwa kuongezewa chanzo kidogo cha amonia, hadi bakteria wajijenge na vipimo vya amonia na nitriti virudi sifuri. Baada ya hapo badilisha robo hadi theluthi ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yatibiwe kwa dawa ya kuondoa klorini, hivyo mwenye tangi kubwa anahitaji pia simtanki ya akiba karibu. Umeme unapokatika, samaki wakubwa humaliza oksijeni haraka: kuwa na pampu ya hewa ya betri, na usiwape chakula hadi umeme urudi.

Mwenye uwanja ana njia iliyo bora kuliko kioo. Bwawa la saruji la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1 hubeba lita 6,000, na samaki mkubwa hutulia humo kuliko sebuleni. Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi na alkali katika maji), hivyo bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kuingiza samaki, kisha lifunikwe kwa wavu. Kwa samaki wa Amazon njia hii inafaa Pwani na maeneo mengine ya joto. Njombe, Lushoto au Limuru, baridi ya usiku itawaua.

Ikiwa samaki amekwisha kulizidi tangi lako, usimwachie mtoni, bwawani wala ziwani. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 alichangia pakubwa kutoweka kwa aina nyingi za furu. Ongea na afisa uvuvi wa wilaya yako au mfugaji mwenye bwawa. Siku ya kumhamisha, samaki awe hajala tangu jana yake, asafirishwe alfajiri ndani ya pipa lenye mfuniko na maji ya tangi lake mwenyewe, pampu ya betri ikifanya kazi njia nzima, na akifika maji mapya yaongezwe ndani ya pipa kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla ya kumtoa.