Septemba mifereji, Novemba miti: mwongozo kwa makanisa ya Mwanza

Usipande miti tarehe 1 Septemba. Najua ndiyo siku ya kuombea uumbaji. Waorthodoksi waliianza mwaka 1989, Papa Fransisko akaiweka kwetu Wakatoliki mwaka 2015, na makanisa mengi huendelea na kipindi hicho hadi Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Lakini hapa Mwanza mwanzo wa Septemba ni kiangazi bado. Mche unaopandwa siku hiyo kwa vigelegele na picha hukauka kabla vuli haijakolea, na watoto waliouimbia wanabaki kuangalia kijiti Jumapili hadi Jumapili. Inaniuma, kwa sababu watoto hao tumewafundisha Mwanzo 2:15, kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya huku Mabatini, Mto Mirongo unapopita kati ya nyumba zetu kwenda ziwani. Nikiulizwa kanisa liadhimisheje uumbaji, jibu langu ni moja: fuateni kalenda ya mvua. Septemba ni mwezi wa kusafisha mifereji. Vuli huanza kwa kawaida Oktoba, na maji yakishuka kutoka kwenye vilima vyetu vya mawe husomba kila kilichotupwa mitaani, yakakitia Mirongo, na Mirongo ikakitia ziwani. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, lakini chupa za maji na pampasi bado zimejaa mitaroni.

Anzeni kupanga katikati ya Agosti. Viongozi wa jumuiya watembee na mwenyekiti wa mtaa, wakubaliane kila jumuiya inashika kipande gani: kutoka kalavati lipi hadi duka la nani. Msiseme "tutasafisha mtaa", maana kipande kisicho na mwenyewe hakiguswi. Mwoneni afisa afya wa kata mapema ili mjue gari la taka litapita lini na wapi. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia: watu wanazoa vizuri, wanarundika mchanga na taka ukingoni, wanaenda kunywa soda, na mvua ya kwanza inarudisha kila kitu mtaroni. Kama gari halijathibitishwa, kodini toroli au guta kwanza, ndipo mtangaze siku.

Vifaa ni koleo, reki, viroba, gambuti na glavu nene. Watoto wasiingie mtaroni, kuna vioo na sindano. Wapeni chupa safi wazichambue juu, kivulini. Chupa ziuzwe kwa wanunuzi wa plastiki, fedha iandikwe kwenye daftari la miche, na isomwe kanisani pamoja na matangazo mengine.

Jumapili inayofuata, mwombeni paroko koleo na reki ziingie kwenye maandamano ya vipaji. Masomo ya Misa yamepangwa tayari, msiyabadilishe, lakini maombi ya waamini mnayaandika wenyewe. Hapo msiishie kwenye "tuombee mazingira". Utajeni Mto Mirongo kwa jina. Waombeeni wavuvi wa dagaa wanaolala majini, na akina mama wanaoanika dagaa Kirumba na Igombe. Mtu akisikia mto wa nyuma ya nyumba yake ukitajwa altareni, mkono wake utasita kutupa.

Miti sasa. Chimbeni mashimo Oktoba, futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu mkiuweka pembeni na kuuchanganya na samadi iliyooza. Pandeni Novemba, ardhi ikiwa imelowa hadi chini. Uwanjani mwembe, mpera au mfenesi. Penye mawe na jua kali, mwarobaini. Mkaratusi hunywa maji mengi, usikae karibu na kisima wala mto. Kila mche apewe mtoto wa darasa la Kipaimara pamoja na msimamizi wake, kwa sababu Januari na Februari mvua hupungua na lazima mtu abebe ndoo. Kanisa lililo ufukweni lisijenge hata ukuta karibu na maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Badala ya kujenga, oteshini hapo nyasi na miti ya asili.

Msisahau paa. Paa la mita 10 kwa 20, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 4,000. Ukitoa zinazopotea, lita 3,000 na zaidi zinaingia tangini. Gata zifagiliwe kabla ya vuli, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Hayo ndiyo maji ya miche yenu, na ya kufulia sare za kwaya mbali na ziwa. Maji ya sabuni, vinyesi na mbolea hupeleka ziwani naitrojeni na fosforasi, na hicho ndicho chakula cha magugu maji yanayowasumbua wavuvi wetu tangu miaka ya 1980.

Sherehe ya mavuno ifanyike kwa sahani za WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ndoo za maji zenye koki, na vikombe vya kuoshwa. Mnadani, baada ya kuku na ndizi, nadini na miche.

Kuhusu siku ya mifereji, waiteni majirani wote tangu kupanga. Jumamosi inawaacha nje Wasabato, nao hapa Mwanza ni wengi. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumapili asubuhi sisi tuko kwenye Misa. Alhamisi saa 10 jioni jua limepoa na wengi wanapatikana. Barua kwa imamu na kwa mzee wa kanisa la Wasabato iende kwa mkono wa mwenyekiti mwenyewe, wiki tatu kabla, ikitaja kipande cha mtaro kinachopita mbele ya mlango wao na vifaa tutakavyowaazima.